Samli Kwenye Mshono

Jumatatu, 6 Oktoba

Mwalimu Alio wa gumbaru, darasa letu la watu wazima, anasema kila mtu aandike daftari mpaka mvua za vuli ziishe, hata kama ni mstari mmoja kwa siku. Nimemwuliza niandike nini. Amesema, andika unachokiona. Haya. Naona mwalimu kijana ambaye shati lake halijaona pasi.

Jina langu Muslimo. Kitambulisho kinasema nina miaka sitini na tisa, lakini kitambulisho hakikuwepo nilipozaliwa. Nakaa Iftin, mtaa wa Garissa, kwa mwanangu Muse, dereva wa lori la maji, na mkewe Istahil na watoto wao. Mwaka wa pili huu nakaa hapa kama kuku aliyefungwa mguu. Mifugo yangu iko mbele ya Balambala kwa Jelle, mtoto wa marehemu kaka yangu. Ngamia wanne, mbuzi thelathini na mmoja, ndio ukame ulioniachia. Nimeugua mapafu mara mbili na daktari amesema nisilale tena kwenye ardhi yenye unyevu. Kwa hiyo aqal, nyumba yetu ya mikeka, kwangu basi. Ndivyo wanavyosema wao.

Sasa Jelle ameoa na anataka kuhamia Masalani avushe watu kwa mashua. Mvua zikiisha anaondoka. Muse akataka kuuza wanyama wote. Nikakataa chakula siku mbili. Siku ya tatu akaja na trela kuukuu ya trekta, akasema maneno haya, na nayaandika ili asije akayakana:

"Hooyo, mama, Istahil atakujengea nyumba juu ya trela hii. Siku ya mvua ya kwanza kubwa nitatandika shuka jeupe ndani. Likibaki kavu, natafuta mchungaji na wewe unaenda. Tone moja likiingia, wanyama wanauzwa na unakaa hapa."

Tone moja. Nimekubali. Ningekubali hata nusu tone.

Jumatano, 8 Oktoba

Plaiwudi zimefika kwa mkokoteni wa punda. Zimekuja fupi.

Trela ina futi kumi na moja na ushee. Ubao mmoja una futi nane. Nimemwuliza Istahil kwa nini hakuchukua ndefu. Amesema ndefu hazipo Garissa nzima, lazima ziungwe. Paa la nyumba yangu litakuwa na mshono katikati, juu ya kifua changu hasa, mahali nitakapolala.

Niseme kuhusu huyu Istahil. Kwetu nyumba ni kazi ya mwanamke. Mwanamke ndiye anayekata fito na kuzipinda, anayefuma mikeka, anayejenga na kubomoa na kupakia juu ya ngamia. Na nyumba ni ya aliyeijenga. Mume akileta ugomvi, mume ndiye anayelala nje. Binti anaolewa na nyumba aliyofumiwa na mama yake. Istahil alilelewa kwenye kambi za Dadaab, mama yake alifia njiani wakitoka Somalia, na aliingia kwetu na begi moja na sanduku la randa na misumeno, kwa sababu huko kambini alifundishwa useremala. Hata mkeka mmoja hakuja nao. Mwanamke asiye na nyumba. Nimemwita hivyo miaka tisa, akiwepo na asipokuwepo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mwalimu amesoma daftari. Mahali nilipoandika "blaiwudi" amekata kwa kalamu nyekundu akaandika "plaiwudi". Nimemwambia mbao yenyewe haijalalamika.

Jumapili, 12 Oktoba

Leo kelele ya randa tangu asubuhi. Nilitoa kiti changu nikakaa nimwone.

Mimi nilimwambia alaze ubao mmoja juu ya mwingine kama mikeka, wa juu ufunike wa chini, mvua iteleze. Akasema mkeka ni laini unakubali, plaiwudi ni ngumu, itaacha uwazi, na gari likikimbia upepo utaingia humo uibandue. Yeye anachonga ncha za mbao zote mbili kwa mteremko mrefu kama kiganja changu, hii ikilala juu ya ile zinakuwa unene uleule. Halafu gundi. Halafu uzito juu yake usiku kucha.

"Na ikishashika, eddo, utapitisha mkono na hutajua ziliungana wapi."

Eddo ndivyo anavyoniita, shangazi. Nikamwambia gundi ni mate ya kiwanda. Huwa hajibu, anapuliza tu vumbi la mbao. Siham, binti yake wa miaka saba, alikuwa anaokota maganda ya randa anajivika kama bangili. Nyumba nzima ya wazembe.

Lakini niandike ninachokiona: mkono wake hautetemeki. Mteremko umetoka sawa mwanzo mpaka mwisho.

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo nimefanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyefikiria kuifanya.

Baada ya sala ya adhuhuri Istahil alienda kuwachukua watoto duksi, kwenye chuo cha Kurani. Zile ncha zilizochongwa zilikuwa zimelala chini ya turubai, nyeupe, kavu, zina kiu kabisa. Nikapitisha kidole, kikanaswa na nyuzi. Mbao kavu hivi itakunywa maji yote ya vuli. Tangu nikiwa msichana sijawahi kuacha chombo cha maziwa kikavu, wala kamba, wala ngozi. Unakipaka samli, unasugua kwa kiganja mpaka kinywe, na maji hayapati njia. Hiyo ndiyo kazi ambayo hawafundishi kambini.

Nikachukua samli yangu mwenyewe, ile Jelle aliyoniletea. Nikasugua ncha zote za paa mpaka zikabadilika rangi kidogo. Nikafuta juu kwa kanga.

Sijamwambia. Mvua ikinyesha na shuka likabaki kavu, hapo nitamwambia mbele ya Muse ni nini kilichozuia maji.

Jumanne, 14 Oktoba

Amepaka gundi asubuhi mapema, kabla jua halijapanda. Ameweka jerikani kumi na mbili za maji juu ya mshono. Alinusa hewa mara moja akaangalia jikoni. Mimi nilikuwa nasoma tasbihi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Joto. Hakuna jambo.

Jumatatu, 20 Oktoba

Paa limepanda. Wanaume wanne wa jirani waliinua na Istahil akiwaamrisha kama sajini. Kulikuwa na sauti ndogo walipoinua, kama mtu anayetafuna biskuti, lakini hakuna aliyesimama. Skrubu zimeingia kwenye mbao za pembeni, rangi ya bluu imepakwa mara mbili. Kuna mlango, kuna dirisha moja, kuna kitanda kilichoinuka kutoka sakafuni. Nimekaa ndani nikafunga mlango. Hakuna upepo. Imenuka rangi, na chini ya rangi imenuka nyumbani.

Barwaqo jirani amekuja kuangalia. Ameuliza kama ni kibanda cha kuuzia miraa. Nimemwambia ni nyumba yangu, na yeye akitaka ya kwake azae mtoto mwenye lori.

Ijumaa, 24 Oktoba

Jelle amepiga simu. Yule ngamia mwenye sikio lililokatwa ana mimba, atazaa kabla mwezi ujao haujaisha. Nimemwambia asiguswe na mtu mpaka nifike. Ameuliza nafika lini. Nimemwambia aulize mawingu.

Jumatano, 29 Oktoba

Mawingu yamekuja mpaka juu ya mto, yamekaa, yamerudi. Muse amelikunja lile shuka jeupe ameliweka juu ya kabati. Kila nikipita naliona.

Jumamosi, 1 Novemba

Mvua imenyesha leo baada ya alasiri. Nitaandika polepole.

Ilianza na vumbi, halafu matone makubwa yenye nafasi kati yao. Muse alitoka mbio na shuka, akalitandaza sakafuni kwenye trela kutoka ukuta hadi ukuta. Tukakaa pembeni juu ya kitanda, yeye na mimi. Istahil alisimama mlangoni, nusu yake mvuani. Barwaqo naye akajileta na mwavuli, hajaitwa.

Mvua ikashuka yote. Juu ya paa ilikuwa sauti ya mbuzi mia wakikimbia. Muse aliangalia shuka, Istahil aliangalia mshono, mimi niliwaangalia wao. Muda ukapita, kama wa rakaa nne. Kavu. Nikaanza kupanga maneno yangu kuhusu samli. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Doa la kwanza lilianguka katikati. Kubwa kama kifungo cha koti. Halafu la pili. La tatu. Halafu mshono wote ukaanza kulia, kwa mstari, kutoka upande huu hadi upande ule.

Mimi niliinama nikaangalia doa kwa karibu, na nikaona kitu ambacho Muse hakukiona. Lilikuwa na ukingo wa manjano. Lilikuwa na mafuta.

Muse alimgeukia mkewe. Mwanangu si mtu wa makelele, lakini leo alimwambia mbele ya Barwaqo, "Wiki mbili za kazi. Haya ndiyo mliyofundishwa kambini?"

Istahil akasema, "Hebu nifungue nione."

"Nini cha kuona? Shuka limeshaona."

Akalikunja likiwa limelowa. Akatoka. Barwaqo akasema maskini, maskini, na macho yake yanang'aa.

Na mimi nilifunga mdomo wangu. Uko wazi siku zote za mwaka, leo nikaufunga.

Jumapili, 2 Novemba

Muse ametoa neno lake kwa dalali. Jelle alete wanyama wote kwa miguu, mnada ni Jumatano ya tarehe kumi na mbili. Anaondoka nao keshokutwa.

Asubuhi Istahil alipanda juu ya paa na patasi. Mimi nilikuwa uani na uzi wangu. Aliingiza ncha ya patasi kwenye mshono na gundi ikatoka ndefu, nzima, kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa. Haikushika popote. Gundi nzuri haitoki hivyo, hata mimi najua, inatoka na nyama ya mbao. Akaishika mkononi. Akapitisha kidole kwenye mbao. Akakileta puani.

Halafu akageuka akaniangalia kutoka juu ya paa.

Nilingoja aseme. Nilikuwa nimeshatayarisha jibu kali. Akashuka, akafunika mshono kwa turubai, akaingia jikoni kupika chai. Akaniletea kikombe. Kilikuwa na sukari kama ninavyopenda.

Jumanne, 4 Novemba

Jelle ameondoka na wanyama. Mvua huko kwao usiku mzima. Huku manyunyu.

Jumatano, 5 Novemba

Siku nne na hajasema. Hajamwambia Muse, hajaniambia mimi. Anafagia, anapika, anasuka nywele za Siham. Muse anakula bila kumwangalia. Jana alimwambia auze sanduku la vyuma kwa mafundi wa sokoni kwa kuwa halina kazi tena. Akasema sawa.

Nimekaa nimemchukia kwa kunyamaza. Anataka nini? Anangoja nife niende nalo? Angepiga kelele ningepiga yangu kubwa zaidi, tungemaliza.

Siham amekuja kulala mapajani mwangu mchana akasema, "Ayeyo, ile nyumba ya bluu inanuka kama mikono yako." Nimemwambia anyamaze alale.

Daftari sikumpa mwalimu. Nimesema mbuzi wa jirani amekula kurasa.

Ijumaa, 7 Novemba

Sikuweza tena. Muse alikuwa msikitini. Istahil alikuwa anapanga vyuma vyake kwenye sanduku, anavifuta kimoja kimoja kwa mafuta kabla ya kuvipeleka sokoni. Nikasimama mbele yake.

"Naa, wewe. Kwa nini husemi?"

Hakujifanya hajaelewa. Alisema, "Nimwambie nini, eddo? Nimwambie ni mama yako?"

"Mwambie. Una mdomo."

"Nikimwambia, atanikasirikia mimi kwa kumwambia. Unamjua." Akafuta randa. "Na wewe ulikuwa unasaidia. Niliona kwenye mbao ulivyosugua. Hukuacha hata mahali padogo. Kama ingekuwa chombo cha maziwa kisingevuja miaka ishirini."

Alisema hivyo bila kunidhihaki. Ningependa angenidhihaki.

Nikamwuliza gundi na samli vina ugomvi gani. Akanieleza kama mtu anavyomweleza mtu mzima, bila kuinua sauti: gundi lazima iingie ndani ya mbao ishike nyuzi zake, na mbao iliyoshiba samli haina nafasi ya kuipokea. Ile kiu niliyoiona ndiyo aliyokuwa anaitaka. Aliichonga makusudi.

Miaka sitini nimeziba kiu ya vitu. Sikujua kuna kitu kinachohitaji kuachwa na kiu yake.

Nimemwambia asipeleke sanduku sokoni leo. Ameuliza kwa nini. Nimemwambia kwa sababu nimesema.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilimngoja Muse anywe chai yake ya asubuhi yote, kwa sababu mtu asipewe habari na kikombe mkononi. Istahil alikuwepo. Barwaqo pia alikuwepo, amekuja kuomba chumvi, na nikaona ni sawa. Alisikia matusi, asikie na haya.

Nikasema, "Muse, gundi ya mkeo ilikuwa nzuri. Mimi nilipaka samli kwenye mbao kabla hajaziunga. Sikumwambia. Alijua tangu Jumapili na hakusema. Tone lile ni langu."

Muse aliniangalia kana kwamba nasema kwa lugha ya Wachina. Akauliza, "Samli?"

"Samli ya Jelle. Nusu chupa."

"Na ulikaa kimya nikamwambia yale maneno."

"Nilikaa kimya."

Hakupaza sauti. Akasema nimeshampa dalali neno, hooyo, na wanyama wako njiani, na neno letu lilikuwa tone moja na tone liliingia. Nilimwambia neno lilikuwa juu ya nyumba ya Istahil, na nyumba ya Istahil haijawahi kunyeshewa, ile iliyonyeshewa ilikuwa ya kwangu. Na dalali nitamwendea mimi, wanyama ni wangu.

Akasema, "Utaenda kumwambia nini mbele ya wanaume wote wale?"

"Nitamwambia nilipaka samli."

Na nimeenda. Leo hiihii, nimevaa buibui langu jipya, nimesimama kwenye uwanja wa mifugo kati ya madalali na fimbo zao, nimesema yote. Walianza kucheka kabla sijafika kwenye jerikani. Dalali mwenyewe, mzee Aweys, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema wanyama wakifika na nikawa sitaki kuuza, yeye hana neno na mimi, kicheko kile kimemlipa. Nikirudi njiani kijana mmoja wa bodaboda akaniita Mama Samli. Habari imefika Iftin kabla yangu.

Muse amenipa mvua moja zaidi. Amesema moja tu.

Kwa Istahil hajui aanzie wapi. Nimemwona jioni amebeba mwenyewe jerikani za maji kutoka bombani, zote kumi na mbili, akazipanga karibu na trela. Istahil akasogeza moja ikae sawa.

Jumapili, 9 Novemba

Jelle amepiga. Lagha, ule mto wa msimu, imejaa, yeye na wanyama wamekwama upande wa pili, hawezi kuja wala kurudi mpaka maji yapungue. Alhamdulillahi kwa lagha. Nimemwambia akae hapohapo na yule mwenye mimba asivuke hata kama maji yameshuka mpaka kwenye kwato.

Paa limeshushwa. Istahil amekata sehemu yote iliyokunywa samli, kila ubao kiganja kizima. Nimeziona zile ncha zinaanguka kwenye matope. Sasa mbao zimekuwa fupi, hazitoshi tena kulaliana. Zitagusana ncha kwa ncha, halafu chini ya mshono utawekwa ubao mwembamba wa kuzishika zote mbili. Nimemwuliza tukikosea mara hii. Amesema hakuna tena cha kukata.

Jumatatu, 10 Novemba

Shida ni kubana. Mvua iko jirani, gundi lazima ibanwe vizuri leo. Vibano vyake vinashika pembeni tu, havifiki katikati ya ubao. Jerikani zinakandamiza, lakini plaiwudi imejikunja kwa unyevu, katikati inainuka kama tumbo. Alijaribu mawe. Alijaribu kumkalisha Muse. Ikainuka upande mwingine.

Akakaa chini. Mara ya kwanza namwona amekaa chini katikati ya kazi. Akaniuliza, "Eddo, mikeka ya aqal mlikuwa mnaikaza vipi kwenye fito za katikati, ambako mkono haufiki?"

Nikamwambia, "Tunashona. Mmoja ndani, mmoja nje. Sindano inapita, mnavuta wote."

Tukaangaliana.

Ametoboa matundu kwa drili, safu mbili, kila upande wa mshono. Nilipoona anatoboa paa nilimeza ulimi wangu, mara ya pili mwezi huu, na mara hii kwa sababu nzuri. Kabla ya gundi alininyooshea bakuli la maji na sabuni. Nikanawa mpaka kwenye viwiko. Akaninusa mikono. Mimi, mkwe wake, amenishika mikono akaninusa kama mtoto anayetoka jikoni. Nikanawa tena.

Mbao zililazwa juu ya magogo, yeye chini kwa mgongo, mimi juu kwa magoti. Sindano yangu kubwa ya mikeka, kamba ya nailoni. Anasukuma, navuta. Nasukuma, anavuta. Gundi ikatoka kwenye mshono kama jasho, mstari mmoja, mwanzo hadi mwisho, na lile tumbo likalala. Magoti yangu yaliwaka moto. Kati ya tundu la ishirini na la thelathini alisema kutoka chini, "Mama yangu angekuwepo angefurahi kuona hivi." Ni mara ya kwanza katika miaka tisa anamtaja mbele yangu.

Nikamwuliza mama yake alikuwa mfumaji. Akasema hajui. Hakufikia umri wa kukumbuka.

Nilivuta kamba.

Jumanne, 11 Novemba

Gundi inakauka. Wingu jeusi upande wa mto tangu alfajiri. Turubai mbili juu. Tumekaa zamu, yeye na mimi, kama kwenye kitanda cha mgonjwa. Matundu ameyajaza, kamba ikiwa humohumo, kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao.

Jumatano, 12 Novemba

Leo ilikuwa siku ya mnada. Wanyama wangu hawakuwepo. Paa limepanda, na mara hii halikutoa sauti.

Alhamisi, 13 Novemba

Rangi. Hakuna mvua. Naiomba na naiogopa.

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua ilikuja wanaume wakitoka msikitini. Hii haikuwa na matone ya salamu, ilifika yote mara moja, mabati ya majirani yakalia, mfereji wa barabara ukajaa viatu vya watu. Muse akatandaza shuka. Safari hii Istahil alikaa ndani kitandani, mimi nikasimama mlangoni. Nilikuwa nalowa. Daktari asijue.

Sikuangalia shuka. Niliangalia uso wa Istahil, na midomo yake ilikuwa inahesabu, nadhani matundu, moja moja, kutoka upande huu hadi upande ule.

Mvua ilikaa mpaka alasiri. Ilipokoma Muse alipiga magoti akapapasa shuka kwa viganja vyote viwili, kila kona. Halafu akalikunja, likiwa kavu, akampa mkewe mkononi. Si mimi. Yeye.

Akamwambia, "Nisamehe kwa lile neno la kambi."

Istahil akasema, "Nimesikia." Hakusema amesamehe. Vizuri. Angoje kidogo.

Jumatatu, 24 Novemba

Niko mbele ya Balambala. Maji ya lagha yalipungua, Jelle akarudisha wanyama, na Muse amenivuta mpaka hapa kwa pikapu ya rafiki yake, nyumba ikiruka nyuma yetu siku nzima. Istahil alikuja nasi. Kila tuliposimama aliingia ndani akapitisha kidole kwenye mshono, na kila mara alitoka bila kusema kitu, na kwa huyu mtu hiyo ni sifa kubwa. Mchungaji amepatikana, mtu wa Balambala, mvivu kidogo lakini nitamnyoosha.

Wanawake wa boma walikuja wote kuangalia. Waligonga kuta, walikaa kitandani, walicheka rangi. Mkubwa wao, bibi mwenye meno mawili aliyenijua nikiwa bibi arusi, alitazama juu akaona safu zile mbili za nyuzi zilizozibwa. Akazigusa. Akajua ni mshono wa namna gani. Akaniuliza wanavyouliza kwetu, "Nyumba ya nani hii?"

Tangu Oktoba nimekuwa na jibu. Nimeliandika mara ngapi humu, nyumba yangu, nyumba yangu. Istahil alikuwa nje anaangalia magurudumu ambayo hayakuwa na tatizo lolote.

Nikasema, kwa sauti ya kufika nje, "Ya Istahil, mke wa Muse. Aliijenga yeye. Mimi nimekaribishwa."

Bibi akasema mashallah, basi ana nyumba nzuri. Nje, mtu aliacha kugonga gurudumu.

Wameondoka jana adhuhuri. Aliponiaga Istahil aliniinamia nimshike kichwa, nikamshika. Nimempa sindano yangu ya mikeka. Mimi macho yangu hayaoni tena tundu lake.

Sasa hivi Muse amepiga simu kutoka Garissa, ameuliza kama mvua ya jana jioni ilinyesha huku, na kama ni kavu. Nimemwambia kavu.

Kwa kweli tone moja liliingia. Lilipitia dirishani, ambalo niliacha wazi mwenyewe nimwone yule mwenye sikio lililokatwa akimlamba mtoto wake aliyezaliwa jana asubuhi. Nimelifuta kwa kiganja. Muse hana haja ya kujua. Istahil nitamwambia.